Kifundo Kisichozunguka

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapanda vizuri, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alishuka mbio kwenda studio ya mjomba wake, begani amebeba shuka jeupe lililokunjwa. Mtaa mzima ulimwita Kijiti. Jina hilo alipewa na mjomba mwenyewe, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu aliweza kusimama robo saa nzima ameinua shuka juu ya kichwa ili mwanga wa dirishani uligonge na kurudi usoni mwa mtu anayepigwa picha. Alilalamikia mambo mengine yote, hasa hesabu na kuosha vyombo, lakini shuka hakuwahi kulilalamikia.

Mjomba alikuwa mpiga picha wa namna yake. Picha za vitambulisho alizipiga studioni kwa kamera mpya, naye alikaa nyuma ya kamera hiyo kama mtu aliyelazimishwa. Kazi aliyoipenda ni ya Jumamosi. Siku hiyo aliwafuata watu majumbani mwao na kuwapiga picha wakiwa katikati ya vitu vyao, kwa kamera ya zamani inayotumia filamu. Hakuruhusu kitu chochote kihamishwe. "Mtu amekaa na ndoo yake miaka ishirini," alipenda kusema, "leo nije mimi niifiche? Ndoo imemkosea nini?"

Yeye na Kijiti walikuwa wamegawana kazi. Kijiti ndiye aliyeweka filamu ndani ya kamera. Alivuta ncha ya filamu, akaiingiza kwenye mhimili wa upande wa kulia, kisha akasogeza mara mbili kifuniko cha nyuma kikiwa wazi, ili aone kwa macho yake meno madogo yakiingia kwenye vitundu vya filamu. Hapo ndipo alipofunga. Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kutazama kifundo kidogo kilichokuwa juu ya kamera, upande wa kushoto. Kila mjomba anaposogeza filamu, kifundo hicho hujizungusha chenyewe. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, kamera inalia bure.

"Jicho langu kazi yake ni uso wa mtu," mjomba alimwambia siku ya kwanza. "Jicho lako kazi yake ni kile kifundo. Tukikosana hapo, tumepoteza siku."

Jumamosi hiyo walikuwa na watu wawili wa kuwapiga picha. Wa kwanza alikuwa seremala wa karibu na kisima. Wa pili alikuwa Bibi Fundi, mshonaji aliyemshonea Kijiti sare yake ya kwanza ya shule. Bibi Fundi alikuwa na uvimbe kwenye taya la kushoto, na kwa mwaka mzima ulikuwa umekua hadi kufikia ukubwa wa ngumi. Kesho yake alfajiri gari lingempeleka hospitali ya mbali akafanyiwe upasuaji. Daktari alikuwa amemweleza bila kumficha kwamba wangekata kipande cha taya, kwamba uso wake hautakuwa tena ule, na kwamba mgonjwa wa umri wake huenda asirudi. Bibi Fundi alikuwa na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Alitaka mtoto huyo abaki na uso wa bibi yake, huu huu aliouzoea, pamoja na uvimbe wake.

Picha za simu hakuzitaka kabisa. Tangu uvimbe uanze, watu walikuwa wakimwelekezea simu barabarani bila hata kumsalimu. "Yule mwenye kamera ya miguu mitatu angalau hubisha hodi," alisema.

Asubuhi hiyo rafiki wa Kijiti, anayeketi naye dawati moja, alipita dirishani mwa studio akamkuta ameshika kamera.

"Hiyo si kazi ya wakubwa?" rafiki aliuliza.

"Kwangu ni mchezo," Kijiti alijibu, akajivuna. "Naweza kuiweka hata nikifumba macho."

"Fumba basi, tuone."

Akafumba. Akavuta ncha ya filamu, akaipapasia mahali pake, akafunga kifuniko, kap. Rafiki akapiga makofi. Kijiti akainama kama mwimbaji jukwaani, na katika raha ile hakukumbuka tena habari ya meno wala vitundu.

Mjomba akatoka chumba cha nyuma amebeba stendi. "Umeangalia meno?"

"Nimeangalia, mjomba," Kijiti alisema, na neno lenyewe lilitoka laini kabisa.

Kwa seremala mjomba alipiga picha kumi na mbili. Seremala alikuwa mcheshi, alikaa juu ya meza aliyokuwa anaitengeneza na kusimulia jinsi alivyowahi kujifungia kwa misumari ndani ya kabati. Kijiti alicheka sana, shuka likimtikisika mikononi. Kifundo hakukitazama hata mara moja.

Nyumbani kwa Bibi Fundi hakukuwa na kicheko. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Chini ya dirisha ilisimama cherehani ya miguu, nyuma yake kitanda, na ukutani zilining'inia karatasi za kukatia nguo, nyingine zimeshageuka rangi. Bibi Fundi alikuwa amevaa gauni lake la buluu lenye kola, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alipoketi kwenye kiti cha cherehani, uso ulimkunjamana kwa maumivu, kisha ukatulia polepole. Binti yake alisimama mlangoni amembeba yule mtoto.

"Nigeuze upande mzuri?" Bibi Fundi aliuliza. Maneno yake yalitoka kwa shida.

"Upande mzuri ni upi, mama?" mjomba alijibu. "Kaa unavyokaa."

Mjomba akapiga. Akasogeza. Akapiga tena. Aliposogeza mara ya pili, Kijiti, mikono juu, akakitazama kifundo kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kifundo hakikuzunguka.

Akajiambia kwamba pengine filamu imelegea kidogo, itakaza. Mjomba akasogeza tena. Kifundo kimetulia tuli. Akasogeza mara ya nne, ya tano. Hapo ndipo Kijiti alipojiona tena dirishani mwa studio, macho kayafumba, akipigiwa makofi.

Alifungua mdomo ili aseme. Lakini wakati huohuo mjukuu alicheka mlangoni, Bibi Fundi akamgeukia, na uso wake mzima ukafunguka, uvimbe na yote. Mjomba akapiga picha tano mfululizo, akishusha pumzi kwa furaha. Angemkatizaje mtu akiwa katika hali hiyo? Na akisema, si ataulizwa asubuhi alikuwa anatazama nini? Kijiti akafyata mdomo. Aliendelea kuinua shuka, akipeleka mwanga mzuri kwenye uso ambao kamera haikuwa inauchukua.

Walirudi studio saa saba na nusu. Mjomba akaiweka kamera rafuni kwa uangalifu, kana kwamba amelaza mtoto. Kisha akamimina chai, akakata mkate vipande viwili.

"Zimebaki mbili, lakini sitaki kuzimaliza," alisema. "Kesho mchana nitaisafisha hii filamu. Miaka mingi nabeba ile stendi, Kijiti. Ulimwona alivyogeuka yule mtoto alipocheka? Uso kama ule hupewi mara mbili."

Kijiti aliurudisha mkate mezani. Alipiga hesabu, safari hii bila kulalamika. Kesho mchana mjomba angegundua. Kesho alfajiri Bibi Fundi angekuwa ameshaondoka.

Likamjia wazo baya, tena likamjia likiwa limekamilika. Wiki iliyopita mjomba alikuwa amelalamika kwamba dawa mpya ya kusafishia filamu ina harufu ya kutiliwa shaka. Kijiti angeweza kubaki peke yake dakika mbili, akafungua kamera na kuiweka filamu upya vizuri, akaisogeza mpaka mwisho huku ameziba lenzi. Kesho ingetoka tupu, na mjomba angesema, dawa ile imeniponza. Hakuna ambaye angemtazama Kijiti. Jina lake lingebaki safi, na Jumamosi ijayo angeinua shuka kama kawaida.

Wazo lilikuwa rahisi mno hata likamtisha. Akafikiria gari la alfajiri. Akamfikiria yule mtoto akikua, akiuliza bibi alikuwaje, na watu wazima wakijaribu kumwelezea kwa mikono. Alitamani ardhi ipasuke, au aumwe ghafla, au mtu mwingine yeyote aseme kwa niaba yake. Hakuna aliyesema. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

"Mjomba," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Kifundo hakikuzunguka."

Mjomba alishusha kikombe. "Lini?"

"Kwa Bibi Fundi. Na kwa seremala pia nadhani, sikutazama. Asubuhi niliiweka filamu macho nimeyafumba. Nilikuwa namwonyesha rafiki yangu. Nilikudanganya kwamba nimeangalia meno."

"Na kwa Bibi Fundi uliona?"

"Niliona."

"Kuanzia picha ya ngapi?"

"Ya pili. Kuanzia hapo niliona zote."

Mjomba hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliichukua kamera, akakizungusha kifundo kwa kidole kimoja. Kikazunguka chepesi, hakijavutwa na kitu. Akafungua kifuniko. Filamu ilikuwa imelala ndani nzima kama ilivyotoka dukani, ncha yake imejikunja pembeni ya mhimili. Watu wawili, picha thelathini na nne, na hakuna hata moja. Mjomba aliketi akaziba uso kwa viganja. Kijiti hakuwahi kumwona mtu mzima akikaa hivyo, akaanza kulia.

"Utalia baadaye," mjomba alisema, akisimama. "Seremala yupo hata wiki ijayo. Mama yule, ikipita saa tisa jua la dirishani mwake linazibwa na ghorofa ya jirani. Weka filamu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Weka. Na macho yako yawe wazi."

Ncha ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu aliona meno yakiingia kwenye vitundu, moja baada ya jingine. Akamwonyesha mjomba, akafunga. Kisha wakatoka, mjomba na stendi yake, Kijiti na shuka lake, nusu wakitembea na nusu wakikimbia.

"Habari hii utampa wewe," mjomba alisema njiani, akitweta. "Mimi nitakuwa nyuma yako, lakini sitakusemea."

Mlango ulifunguliwa na binti. Nyuma yake begi la safari lilikuwa wazi juu ya kiti, na Bibi Fundi alikuwa amelala kitandani amegeukia ukuta. Gauni la buluu lilikuwa limeshakunjwa.

"Mmesahau kitu?" binti aliuliza.

Kijiti aliangalia vidole vya miguu yake. "Picha hazikutoka, dada. Ni kosa langu. Tunaomba kupiga tena."

Binti akamtazama, kisha akamtazama mjomba. "Mnajua kukaa pale kumemgharimu nini? Amekaa saa nzima, tena ilibidi ameze dawa kwanza ili avumilie kukaa. Sasa hivi ndiyo usingizi umemchukua. Nendeni, tafadhali. Tumeshakosa."

"Dada, naomba—"

"Nendeni."

Kijiti alitazama sakafuni. Mraba wa jua uliokuwa juu ya cherehani asubuhi ulikuwa umeteleza hadi kwenye mguu wa kitanda, tena umekuwa mwembamba. Mjomba alikuwa kimya kama alivyoahidi. Kijiti aliona kwamba yamekwisha, na kwamba maisha yake yote atakuwa mtu aliyefanya jambo hili. Hata kulia hakuweza.

"Mwache apite," sauti ilisema kutoka kitandani.

Bibi Fundi aligeuka taratibu. Kijiti alisogea, akapiga magoti karibu na mto, akasema yote, habari ya dirisha la studio, ya makofi, ya kifundo. Hakujitetea mahali popote.

"Ulijua nilipokuwa nimekaa pale?" Bibi Fundi aliuliza.

"Nilijua, bibi."

"Ukaendelea kuinua shuka?"

"Nikaendelea."

Bibi Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka, na hayakuwa na huruma wala hasira ambayo Kijiti angeweza kuikimbia. Kisha akanyoosha mkono. "Niinue basi. Gauni siwezi tena kulivaa. Nipe futi yangu."

Binti na Kijiti wakamwinua. Aliketi kwenye kiti cha cherehani akiwa na nguo ya kulalia, nywele hazijachanwa, futi shingoni, mkono wa kulia juu ya gurudumu. Mraba wa jua haukumfikia tena. Kijiti akapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa kando ya dirisha, akainua shuka kadiri mikono yake ilivyoweza kufika, akaunasa ule mwanga mdogo uliobaki na kuushusha usoni mwa Bibi Fundi. Mabega yalimwaka moto. Mjomba akapiga. Akasogeza.

Kifundo kikazunguka.

"Kimezunguka," Kijiti alisema.

Akapiga tena. "Kimezunguka." Mara sita mjomba alipiga, na mara sita Kijiti alisema hivyo, mpaka Bibi Fundi mwenyewe akawa anatega sikio kulisubiri neno hilo. Kisha ghorofa ya jirani ikaziba jua, chumba kikaingia kivuli, na mjomba akafunika lenzi.

Filamu ilisafishwa kesho yake, ikachaguliwa picha moja. Bibi Fundi hakucheka ndani yake. Alikuwa mwanamke mgonjwa, amechoka, anatazama mbele moja kwa moja, mkono juu ya cherehani yake. Kijiti alipouliza kama ni nzuri kuliko ile ya mwanzo, mjomba alijibu, "Ile ya mwanzo hatutaijua kamwe. Hiyo itabaki hasara yetu." Wala hakuongeza neno la kumfariji. Kijiti aliipeleka picha mwenyewe, na binti akaitundika juu ya cherehani. Kila asubuhi alimnyanyua mtoto mbele yake na kumwambia, "Bibi."

Zikapita wiki saba. Habari za hospitali zilikuja nusunusu, mara nzuri, mara mbaya, na kuna wiki mbili ambazo hazikuja kabisa. Katika wiki hizo Kijiti hakulala vizuri. Mwishowe Jumamosi moja binti akatuma mtu studio kusema kwamba mama amerudi.

Walimkuta ameketi kwenye kiti kilekile. Uvimbe haukuwepo. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umebonyea, na kovu refu lilishuka kutoka sikioni hadi chini ya kidevu. Mjukuu alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Amekataa kuja kwangu tangu jana," Bibi Fundi alisema. Maneno yalikuwa machache na mazito. "Analia tu."

Binti akamnyanyua mtoto kama alivyozoea kila asubuhi, mbele ya picha. "Nani huyu?"

"Bibi," mtoto alisema.

Bibi Fundi akachukua futi kwenye msumari wa ukutani, akaivaa shingoni. Akaweka mkono wa kulia juu ya gurudumu la cherehani, akatulia, akamtazama mtoto moja kwa moja. Mtoto akatazama juu, akatazama chini. Akatazama juu tena. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa yule aliyeketi. "Bibi."

Binti alitoka nje haraka. Mjomba akajifanya anakaza stendi ambayo haikuwa imelegea.

Baadaye, mtoto amelala mapajani mwake, Bibi Fundi alimwita Kijiti karibu. Akampa vipande viwili vya kitambaa. "Viunge. Kanyaga."

Kijiti aliketi, akakanyaga. Cherehani ikalia vizuri, sindano ikapanda na kushuka, kitambaa kikatembea. Alipofika mwisho, Bibi Fundi akasema, "Sasa vuta."

Alivuta, na vipande vikaachana mikononi mwake bila ubishi. Havikuwa vimeshonwa hata kidogo, vimetobolewa tu.

Bibi Fundi akafungua kibati kilicho chini ya sindano na kutoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Kilikuwa kitupu.

"Uzi huu ukiisha, cherehani haibadilishi sauti sana," alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Fundi yeyote humwishia. Mimi umeniishia mara nyingi. Huo si ubaya, unasimama, unajaza. Ubaya ni kujua kwamba hakuna uzi, na ukaendelea kukanyaga kwa sababu watu wanatazama. Siku ile ulikanyaga sana, mwanangu. Lakini ulisimama kabla ya saa tisa. Ungesimama kesho yake, huyu angekuwa bado analia nyuma ya sketi. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lina dawa."

"Nimesikia, bibi."

"Basi jaza."

Kijiti akajaza bobini, akairudisha mahali pake, akaviunga vile vipande upya. Alipomaliza alivivuta kwa nguvu zake zote, na havikuachana.